TAHADHARI: "Tamiya X-20A" inayouzwa mitandaoni Dar ni thina ya magari

Wadau wa modeli za plastiki, hasa mlioko mikoani mnaoagiza kwa simu, someni hili kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu akiuza chupa za mililita 250 zenye lebo ya Tamiya X-20A, yaani thina ya rangi za akriliki za Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, kwa Sh 45,000. Kilichomo ndani si X-20A. Ni thina ya kawaida ya rangi za magari, ile inayouzwa kwa lita kwenye maduka ya rangi kwa bei ya chini kabisa ya hiyo, imemiminwa kwenye chupa zilizokwisha kutumika au zilizobandikwa lebo ya kuchapisha. Jina la akaunti yake silitaji kwa kuwa halidumu. Likichafuka anafungua jingine. Mwenendo wake ndio haubadiliki, kwa hiyo shikeni huo.

Picha anazoweka ni za chupa halisi, kaziokota kwenye maduka ya nje. Mwombe akupige picha ya chupa utakayopewa, ikiwa mkononi mwake pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo, atakuambia mzigo uko kwa wakala. Hela anataka yote kwanza, kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mzigo unaletwa na bodaboda, kizibo kimezungushiwa selotepu, na bodaboda wa watu hajui lolote, msimgombeze.

Anadai pia kwamba chupa zimetoka Japani kwa ndege na zimefika ndani ya siku nne. Hapo tu mtu angepaswa kushtuka. Thina inashika moto, na katika usafirishaji wa kimataifa imewekwa kwenye bidhaa hatari pamoja na rangi zenyewe, chini ya namba UN 1263. Haipiti kwenye vifurushi vya kawaida vya posta, na abiria wa ndege haruhusiwi kuibeba, iwe kwenye begi la mkononi au la kupakiwa. Ikija kihalali inakuja na nyaraka zake na gharama zake. Ndiyo sababu X-20A ni adimu kwetu, na jamaa ameliona pengo hilo vizuri sana.

Sasa, mbona kuna watu wanamsifia? Kwa sababu rangi za akriliki za Tamiya, zile za X na XF, zinakubaliana na thina ya laka, na hii ya magari ni ya jamii hiyo. Wazoefu wengi huzichanganya kwa makusudi na thina ya laka ya Tamiya yenyewe au ya chapa ya Mr. Color, na rangi hutulia vizuri. Kwa hiyo mtu anapuliza XF-1 nyeusi juu ya praima, ile rangi ya msingi, presha psi 15 hadi 20, inatoka laini, anafurahi, anaandika "muuzaji mwaminifu". Sifa hizo ndizo anazozibandika kila mahali. Walioandika hawakusema uongo, ila walichojaribu ndicho hasa kinachokubali.

Kasheshe inaanza ukitoka hapo. Jamaa yangu mmoja alikuwa na modeli ya ndege, Spitfire ya Airfix ya 1/72, akapuliza moja kwa moja kwenye plastiki bila praima, mkono wa kwanza ukiwa majimaji. Mistari ya paneli kwenye bawa ikafifia, na kioo cha rubani kikajaa nyufa ndogondogo ambazo polishi haizitoi. Modeli hizi ni polistirini, na tolueni na asetoni huiyeyusha. X-20A haiifanyi kitu. Mwingine aliitumia kwenye rangi za Vallejo, ambazo ni za maji na zina thina yake. Mchanganyiko ukakatika ndani ya kikombe kama maziwa yaliyochacha, ukaziba nozeli ya milimita 0.3, akashinda jioni nzima akiifumua eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi. Kusema haki, hata X-20A halisi isingemfaa kwa Vallejo, kwa sababu ina alkoholi. Hilo nalo muuzaji alipaswa kulijua badala ya kumwambia "inafaa rangi zote". Ukisikia maneno hayo matatu kwa muuzaji yeyote wa thina, funga mazungumzo.

Linalonikera zaidi ni afya. Anayedhani anatumia X-20A hufungua dirisha, akawasha feni, akaona yatosha. Thina ya magari ni habari nyingine. Tolueni hushambulia mfumo wa fahamu, na baadhi ya thina za bei rahisi huwa na methanoli, ambayo hupenya hata kwenye ngozi na inaweza kuharibu mishipa ya macho. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke huo, inatakiwa ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Fundi wa gereji anajua anachopuliza, na hupuliza mahali pa wazi. Wewe umeuziwa lebo inayosema kitu kingine, unapulizia chumbani, na mtoto amelala chumba cha pili.

Mwenye chupa anayoitilia shaka ajaribu hivi, nje, mbali na jiko na kibatari. Tia matone machache kwenye glasi ya maji. X-20A huchanganyika na maji moja kwa moja. Thina ya magari huyafanya maji kuwa meupe, kisha sehemu yake hupanda na kuelea juu. Halafu kata kipande cha ile fremu ya plastiki inayobaki baada ya kung'oa vipuri, kitumbukize kwenye thina yenyewe, ukiguse kwa kijiti baada ya dakika kumi. Kikiwa kinanata au kimelainika, umepigwa. Jaribio hili la pili lisitumike kuhukumu chupa iliyoandikwa wazi kuwa ni thina ya laka, kwa sababu hiyo hata ikiwa halisi hulainisha plastiki. Tena angalia herufi: X-20 bila A ni thina ya enameli, bidhaa tofauti kabisa, nayo nimeona ikiuzwa kwa watu wa akriliki kana kwamba ni ileile.

Ukimlalamikia, kwanza anasema kompresa yako ina presha kubwa. Ukimtumia picha anasema ulichanganya vibaya, uongeze thina. Ukidai hela anakublok. Kabla hujafika huko, piga picha mazungumzo yote, tunza ujumbe wa muamala na ile chupa ikiwa na lebo yake. Namba aliyotumia iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kwa bidhaa bandia kuna Tume ya Ushindani, FCC, na polisi wanaweza kulishughulikia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Wengi wataona Sh 45,000 haistahili usumbufu huo. Naye anategemea hivyo.

Kama umeshaipitisha kwenye eabrashi yako, ifungue na uzikague ringi za mpira. Zilizovimba au kulegea zibadilishe kabla hujapuliza tena, maana hewa itavuja na utailaumu kompresa bure. Zile za tefloni hazina shida. Iliyobaki usiimwage kwenye sinki wala mtaroni. Itie kwenye chupa ya kioo, uandike juu yake kwa kalamu ya wino mzito "THINA YA MAGARI", uiweke mbali na watoto, uitumie nje kuoshea sehemu za chuma tu.