Niliuziwa konokono wa kusafisha tangi, akanilia bustani

Mimi si mtu wa ugomvi. Nimefundisha darasa la nne miaka mingi, subira ninayo. Lakini yule kijana muuza samaki wa karibu na steji yetu hapa Mombasa amenimaliza.

Tangi langu liko sebuleni, dirishani (hilo kosa langu, jua la asubuhi linalipiga), na kioo kilikuwa kimeshika utando wa kijani hata samaki huwaoni. Juu ya hilo, vikonokono vya kahawia, vidogo kama mbegu za papai, vilivyoingia na mimea niliyonunua kwake yeye mwenyewe. Kila nikiamka vimeongezeka. Nikaenda kumweleza. Akanipa konokono wawili wa manjano, wakubwa kama ndimu. "Hawa wanakula kila kitu, madam. Utando, vile vidogo, makombo. Wiki moja tu, tangi linang'ara."

Wanakula kila kitu. Hapo, nakiri, hakudanganya.

Siku ya tatu mimea ilibaki vijiti. Ile ya majani marefu niliyoilea tangu masika ilikuwa imekatwa shinani, inaelea. Utando uko pale pale, tena umenawiri, maana kinyesi cha mabwana hao wawili ni mbolea tupu. Vile vidogo vimewapanda mgongoni kama abiria wa matatu. Halafu asubuhi moja nafunua kifuniko, nakuta kishada cha mayai kimeganda juu ya maji, mfano wa forosadi, ila rangi ya waridi.

Nikatuma picha kwenye kikundi cha familia, nikidhani ni kichekesho. Shemeji yangu analima mpunga Mwea. Alipiga simu hapo hapo: "Dada, usithubutu kumwaga hayo maji mtaroni!" Kwao konokono wa tufaha, mgeni kutoka Amerika Kusini, aligunduliwa mashambani mwaka 2020, na mche mchanga wa mpunga kwake ni mchicha. Mayai ya rangi ile ile wanayakuta yameshikilia mabua. Kama wangu ni ndugu au binamu, shemeji hakutaka kusikia. Nikayakwangua kwa kisu, nikayaponda. Hao wawili wakaingia friza.

Nikarudi kwa kijana. Alikuwa anakula viazi karai, hakunikaribisha wala kuinua uso. Nikamwonyesha picha ya vijiti.

"Si nilikwambia wanakula?"

Nikamwuliza mbona hakusema wanakula mimea. Akachovya kiazi kwenye ukwaju, taratibu kabisa, akasema wateja wakisikia: "Kwani madam ulitaka konokono anayefunga Ramadhani?"

Walicheka wote, hata mama wa mboga ninayemnunulia kila siku. Mimi ni rika la mamake yule mtoto! Sikurudishiwa hata shilingi. Kiazi chake hakikupoa.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, mfugaji samaki wa siku nyingi. Naye alicheka, ila kwa adabu. "Mwanangu, hakuna konokono wa kazi zote mbili. Anayekula wenzake ni yule wa mistari ya nyigu, na utando haugusi. Anayekula utando hana habari na wenzake." Akanipa wawili wenye milia ya pundamilia, kila mmoja kama kifungo cha koti.

Usiku nikawamulika tochi. Kinywa kinafunguka na kufumba juu ya kioo, na nyuma kinaacha njia safi, ya kupindapinda kama ukili. Nilikaa sakafuni mpaka chai ikapoa. Mimea hawakuigusa. Na ajabu inayoniudhi mpaka leo: mzee anasema hao ni wa kwetu, wa mikoko na midomo ya mito ya pwani hii, Somalia mpaka Afrika Kusini. Nimelipa pesa mgeni anile bustani na mwenyeji yuko hapo nyuma!

Nilitaka kuwapa nyota tano. Kisha vikaja vidoa vyeupe, kama ufuta, kwenye kioo, kwenye mawe, mpaka kwenye pampu. Mayai. Hawatajaa tangi, maana watoto wao hawakui bila maji ya chumvi, lakini kuyabandua ni wembe na matusi kila Jumamosi. Basi tatu. Tatu na nusu, kwa ajili ya ile njia kwenye kioo. Vile vidogo nilivishinda mwenyewe: kipande cha tango usiku, alfajiri unakitoa kimejaa, na samaki nimewapunguzia chakula. Hapo konokono hana sifa yoyote.

Juzi napita na boda, kijana ananiita kwa sauti ya soko zima: "Madam! Wa milia wamefika! Mzigo wa Dubai huu!"

Wa Dubai. Bei mara tatu ya wale wa manjano. Nikamwambia dereva asimame, nikanunua mmoja. Msiniulize. Kwake yeye nyota ni moja, na hiyo moja ni ya mama wa mboga aliyekuja baadaye kuniomba radhi.