Uzoefu wangu na gumegume: kitambaa kwanza, tupa ya fundi baadaye

Nianze na hukumu kabisa, maana najua wengine mtaishia aya hii. Bunduki hii ya gumegume, yaani inayowashwa kwa jiwe linalogonga chuma, ni nzuri. Mtutu wake una thamani kuliko bei yake, mbao imekazwa vizuri, mtambo unafyatuka bila kusita. Jiwe lililokuja nayo halifai, na vilengeo vimewekwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwao. Ukiwa na subira utaipenda. Kama huna, nunua kitu chengine.

Mimi ni mtu wa Kikwajuni, na kabla hamjaniuliza: hapana, bunduki haiko Unguja, haikuja na haitakuja. Iko kwa mtoto wa ami yangu huko Pennsylvania. Yeye kahamia zamani na ni raia wa kule. Mimi nilikwenda kumtembelea wakati wa baridi. Jimbo lile lina msimu wa kuwinda kulungu unaoanza baada ya Krismasi, na mwenye kutaka kuingia na bunduki lazima iwe ya gumegume. Hata ile inayowashwa kwa fataki hairuhusiwi. Msimu huo umeanza mwaka 1974, na ndio uliomtia ndugu yangu wazimu wa kununua. Tangu nirudi maswali hayajesha barazani, na jamaa wetu walioko Marekani nao wananiandikia, basi nimeona niyaweke yote mahali pamoja.

Wanaoshangaa kwamba Mzanzibari anaandika habari za gumegume wajue kwamba bunduki za namna hii zimepita sana bandarini kwetu. Mkataba alioufunga Seyyid Said na Wamarekani mwaka 1833 uliwapa ruhusa ya kufanya biashara katika bandari zake, lakini bunduki, baruti na risasi hapa kisiwani waiuzie serikali peke yake. Wafanyabiashara haohao wa Kimarekani, wa mji wa Salem, ndio waliotuletea kitambaa cha merikani. Kitambaa hicho kishikeni, nitakirudia.

Bunduki yenyewe imetengenezwa Italia, ni ya kaliba .50, yaani tundu la mtutu ni nusu inchi, na mtutu una pembe nane kwa nje. Kitu cha kukiangalia kuliko vyote kabla hujatoa pesa ni mistari ya ndani ya mtutu. Hii inazunguka mara moja katika kila inchi 60. Mzunguko huo wa polepole unaitaka risasi ya duara iliyofungwa kitambaa. Ukikuta mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 28, huo umekusudiwa risasi ndefu, na risasi ya duara haitakupa raha humo hata ufanye nini. Muuzaji aliyetuhudumia simuni hakulijua hilo. Tulilisoma kwenye karatasi ya kiwanda.

Jiwe tulilitupa mapema. Watu wengi wanadhani cheche zinatoka kwenye jiwe. Zinatoka kwenye chuma: jiwe linakwaruza vipande vidogo sana vya chuma, navyo vinawaka vikianguka kwenye kifa, kile kibakuli kidogo cha baruti kando ya mtutu. Kwa hiyo jiwe butu, au lililokaa upande, linakupa mlio tu. Tuliagiza mawe meusi ya Kiingereza, aina inayochongwa Brandon, tukayavisha kipande cha ngozi ili nyundo iyashike, tukahakikisha makali yote yanagusa chuma kwa pamoja. Baada ya hapo ikawa inawaka kila ikivutwa. Ndani ya kifa tulitia baruti laini kabisa, ile yenye herufi F nne, kidogo tu, isifike usawa wa tundu la moto, lile linalopitisha moto kutoka kifa kuingia ndani ya mtutu. Ukijaza mpaka tundu lizibwe, moto unalazimika kula baruti polepole kama utambi, nawe utasikia “chsss” kabla ya mshindo. Baruti za badala zinazouzwa madukani kwao zinahitaji joto kubwa zaidi kuwaka, na kwenye gumegume zinasumbua. Nunua baruti nyeusi ya kweli. Na ile ya kisasa isiyo na moshi usiitie kamwe, hata chembe, itapasua mtutu na wewe nyuma yake.

Sasa shabaha.

Tulianza yadi 25, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, risasi ya inchi .490, baruti ya F tatu, yenye chembe kubwa kidogo kuliko ile ya kifa, greni 50 (greni ni kipimo kidogo cha baruti) kwa kipimo cha ujazo. Risasi zilianguka chini na kushoto, tena zimetawanyika vibaya. Mtoto wa ami akaifuata tupa ya kukwangulia chuma. Anajua, kama wajuavyo wote, kwamba kilengeo cha mbele ukikipunguza risasi inapanda. Nikamwambia, yakhe, weka tupa chini. Kilengeo ukishakikata hakirudi, na kila utakapobadilisha baruti au kitambaa risasi zitahama. Utakata kwa ajili ya mchanganyiko ambao wiki ijayo hutoutumia.

Badala yake tukaenda kuokota vitambaa. Hili ndilo nililotaka khasa kuwaambia, maana wauzaji hawalisemi na wengi wanakimbilia kuongeza baruti. Mtutu una inchi .500, risasi ina .490. Pengo hilo, pamoja na kina cha mistari, linazibwa na kitambaa. Kitambaa ndicho kinachoikamata mistari na kuizungusha risasi, na ndicho kinachouzuia moto usiipite. Ukipiga, kinaanguka hatua chache mbele ya mtutu, na kimebeba habari yote. Kikiwa na duara jeusi katikati na nyuzi zimeshikana, huku pembeni kumechanika kidogo, mambo ni mazuri. Kikitoboka katikati kwa kuungua, ni chembamba au kikavu. Kikiwa na mikato kama ya wembe, basi mdomo wa mtutu au mistari yake ni mikali.

Vyetu vilikuwa na maradhi yote mawili. Mikato tuliitibu kwa msasa laini tulioukandamiza mdomoni mwa mtutu kwa kidole gumba na kuuzungusha taratibu, mpaka ule ukali ukaondoka. Kuungua ndiko kulikotupa kazi, kwa sababu vitambaa vilivyokatwa tayari, vilivyokuja ndani ya boksi, vilikuwa vyembamba mno.

Shemeji alitoa kanga moja iliyochakaa, pindo lake tukamwachia. Kanga haikufaa, nayo ni nyembamba. Tukajaribu merikani ya kawaida kutoka duka la vitambaa: afadhali, lakini bado inatoboka tukizidisha baruti. Kilichoshinda ni kile kitambaa cha magodoro chenye mistari, kilichofumwa kwa kubana, unene kama inchi .018. Chochote utakachokichagua, kiwe pamba tupu. Choma uzi mmoja: ukiacha jivu ni pamba, ukiyeyuka na kuwa kishanga cheusi ni plastiki, hicho mwachie fundi cherehani. Na kifue kwanza mpaka dondo lote litoke. Kitambaa chenye dondo ni kigumu, mafuta hayakiingii.

Mafuta nayo yana visa. Mimi, kwa ujinga wa nyumbani, nilibeba chupa ya mafuta ya nazi ya Pemba, nikijua mafuta ya mimea hayaachi utandu mgumu kama grisi ya gari yanapokutana na moto wa baruti nyeusi. Kwa hilo yalifanya kazi safi kabisa. Lakini mafuta ya nazi yanaganda kwenye joto la chini ya nyuzi 24 hivi, na kule asubuhi maji ya ndooni yalikuwa barafu. Kitambaa kikawa kigumu kama kigae, risasi haishuki ila kwa kugongwa. Tukahamia nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya zeituni, nta kidogo, mafuta mengi, na hiyo ikabaki laini hata baridini. Kwa shabaha za mchana tu, bila kuikalisha bunduki imeshindiliwa, mate yanatosha. Nimeona wazee wa kule wanatafuna kitambaa huku wanazungumza siasa.

Baada ya kitambaa kukubali, ndipo tukagusa baruti. Tulipanda greni tano tano kutoka 50, bila kuvuka kiwango cha juu cha kiwanda, tukipiga risasi tano kwa kila kipimo na kuandika. Kwenye 50 na 55 zilikuwa bado zinatembea. Kwenye 65 zikajikusanya. Tukapanda hadi 80 kwa udadisi, zikatawanyika tena, na bega likalalamika. Tukarudi 65 na hatukutoka hapo. Kila mtutu una namba yake, usiichukue yangu ukadhani ni ya kwako.

Baina ya risasi na risasi tulipitisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi haigeuki gesi, inabaki masizi na chumvi ndani ya mtutu, na ukiziacha zirundikane risasi ya tano haipiti mlemle ilimopita ya kwanza. Tulitia pia alama kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia risasi, pale unapofika mdomoni mwa mtutu wakati risasi imeikalia baruti barabara. Alama isipofika, hupigi. Risasi ikiachwa imening'inia juu ya baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.

Hapo sasa tupa ikapata kazi. Tulihamia yadi 50. Za kushoto tulizirekebisha kwa kukigonga kilengeo cha nyuma kwenda kulia, kwa kijiti cha shaba ili tusikiumize, maana cha nyuma unakisogeza kule unakotaka risasi iende. Kisha cha mbele. Baina ya vilengeo viwili mna kama inchi 30, na yadi 50 ni inchi 1,800, mara sitini ya hizo. Kwa hiyo ukiondoa robo ya milimita tu, risasi inapanda sentimita moja na nusu. Ndiyo maana tulipapasa kwa tupa mara mbili, tukapiga, tukapapasa tena. Tuliiacha ipige juu kidogo ya alama kwenye yadi 50, ili kwenye 75 isianguke sana.

Matokeo: risasi tano ndani ya inchi mbili kwenye yadi 50, mtu akitulia. Kwenye yadi 100 mambo yanalegea, na upepo mdogo unaonekana. Risasi ya duara inapoteza mwendo haraka, si kosa la bunduki. Mtoto wa ami amejiwekea mpaka wa yadi 75 kwa mnyama, na nadhani ni mpaka wa heshima. Habari za tasmiya na kumwahi kumchinja waulizeni masheikh, mimi nilikuwa mtu wa shabaha tu.

Tatizo ambalo hakuna fundi wa kulitengeneza ni lile la kushtuka. Moto unawaka karibu na jicho kabla risasi haijatoka, na mwili unataka kukimbia. Lazima uendelee kulenga mpaka moshi ukuzibe. Dawa yake tuliyoiona inafaa ni kuondoa jiwe, kutia kipande cha mti mahali pake, kuhakikisha mtutu ni mtupu, kisha kukaa sebuleni kuvuta na kuvuta huku ukitazama kama kilengeo kinatikisika. Shemeji hakufurahi. Miwani ya kukinga macho ni lazima, na usimsimamishe mtu upande wa kulia wa mpigaji, kwani tundu la moto linatema cheche huko.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu na sabuni, siku hiyohiyo, kukausha, kisha mafuta ya bunduki. Chumvi za baruti zinavuta unyevu wa hewani, na kule hewa kavu ya baridi inakupa nafasi kidogo. Kwa hewa yetu ya masika ingeanza kutu kabla hujamaliza chai.

Malalamiko yangu ni mafupi. Mdeki wa mbao uliokuja nayo ulikuwa na nyuzi zilizokwenda upande, tukanunua mwengine wa kufanyia mazoezi kabla haujakatika ndani ya kiganja cha mtu. Duka tulilonunulia lilichukua muda mrefu kujibu kuhusu jiwe, kisha likatuma jengine baya vilevile. Chuma cha kuwashia, lakini, ni kigumu sawasawa, na hilo kwenye bunduki za bei hii si jambo la kulitarajia.

Kimebaki kitu kimoja hatujakijaribu, nacho ni risasi ya inchi .495 pamoja na merikani badala ya kitambaa cha godoro. Inashuka kwa taabu zaidi, lakini wapo wanaoapa kwamba ndiyo inayokaza kundi, yaani risasi zinaanguka karibu karibu. Ndugu yangu ameshanunua boksi, anangoja tu theluji iyeyuke. Akinipigia simu nitaongeza majibu hapa.