Dar es Salaam hadi Zambia: treni ya TAZARA au basi?

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ina urefu wa kilomita 1,860, lakini inaishia Kapiri Mposhi, takriban kilomita 200 kabla ya Lusaka, kwa hiyo nauli ya kipande hicho lazima ijumlishwe kwenye hesabu. Basi hukufikisha Lusaka kwenyewe.

Kwa muda, basi linashinda bila ubishi, kwani treni huweza kuchelewa kwa saa nyingi na huduma ya abiria imewahi kusitishwa. Ulizia stesheni kabla ya kufunga mizigo. Kwa usingizi, mambo hugeuka: daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne, la pili vitanda sita, wanaume na wanawake wakitengwa isipokuwa mmelipia chumba kizima, na mpakani maofisa wa uhamiaji hupanda behewani, ilhali abiria wa basi hushuka Tunduma kupanga foleni. Mwenye miadi ya kazi apande basi. Mwenye watoto, au anayetamani kuwaona twiga dirishani ndani ya Hifadhi ya Nyerere, aivumilie reli.