SD2IEC ya Commodore 64: nunua, ila ujue mipaka yake

Kama una Commodore 64, ile kompyuta ya zamani ya nyumbani, na bado unahangaika na floppi zilizochoka, hii SD2IEC tafuta jamani. Ni kiboksi kidogo cha memori kadi, unachomeka kwenye soketi ya diski nyuma ya mashine, umeme kinavuta kwenye tundu la kaseti, basi unaandika LOAD"$",8 halafu LIST na mafaili yanajipanga kwenye tivii. Diski ya 1541, ile draivu ya floppi ya Commodore, ilibeba kama KB 170 tu kila upande, humu unaweka nakala za diski nzima mpaka uchoke mwenyewe. Kwa gemu za faili moja inafanya kazi safi sana, mi naipenda mno.

Shida iko hapa: ile draivu ya 1541 ilikuwa na prosesa yake ya 6502 ndani, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, na gemu na demo (programu za kuonyesha picha na muziki) nyingi zinatuma kodi yao ya programu ikatembee humo ili zipakie haraka, sasa SD2IEC haiigi hiyo prosesa kwa hiyo nyingine zinaganda tu. Ukitaka hizo nenda Pi1541 inayotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, hiyo inaiga draivu nzima.

Na tafadhali sana, kabla hujawasha chochote badilisha adapta ya zamani. Upande wake wa volti 5 ukifa huwa unapandisha volti na kuunguza RAM, na mashine ya mwaka 1982 haistahili kufa hivyo kwa kweli.