Kumtafuta bibi wa Dundee: uzoefu wangu na ScotlandsPeople

Mama mkwe wangu alirithi kitu kimoja tu kutoka kwa mama mzazi wa bibi yake: Biblia ndogo iliyoandikwa jina la mwanamke na neno Dundee, mji wa Uskoti. Mwaka jana aliniomba nimtafutie ukoo wake, maana macho yake hayavumilii tena kompyuta.

Nilianza kwa njia mbaya. Katika tovuti moja ambako watu hujichorea nasaba zao, nilikuta bibi huyu ameozeshwa mwanamume wa Glasgow. Kila mtu alikuwa amenakili kwa mwenzake na hakuna aliyeonyesha hati. Wiki tatu zikapotea hapo. Ndipo nikahamia ScotlandsPeople, tovuti ya idara ya kumbukumbu za taifa la Uskoti.

Kutafuta jina kwenye orodha ni bure. Unacholipia ni kuifungua picha ya hati yenyewe. Unanunua pointi mfano wa vocha ya simu: mimi nililipa pauni 7.50 kwa pointi 30, na kila cheti kikala pointi 6. Pointi 12 za mwanzo zilikwenda kwa marehemu wawili wasio wetu, kwa kuwa sikuandika umri wala wilaya, na Dundee ilikuwa na wanawake wengi wa jina lilelile.

Wa tatu alikuwa yeye. Cheti chake cha kifo kilinitoa machozi. Mimi ni mtu wa Tanga. Bibi yangu aliolewa, akazaa, akazeeka, na hadi anazikwa aliitwa binti wa baba yake. Sikutegemea kuyakuta hayo Uskoti. Jina la kuzaliwa la bibi wa Dundee lipo, la mume lipo, la baba lipo, na la mama yake lipo pamoja na ukoo aliotoka kabla ya kuolewa. Cheti cha kifo cha mtu mzima wa England wa zama hizo kwa kawaida hakitaji wazazi. Chini kabisa, binti yake aliyetoa taarifa ametia alama ya msalaba mahali pa sahihi.

Cheti cha ndoa kikaonyesha kazi: msokotaji wa nyuzi katika kiwanda cha juti, ile ya kutengenezea magunia. Katika sensa ya 1891 kuna safu inayouliza nyumba ina vyumba vingapi vyenye dirisha. Kwao imeandikwa 1. Walikuwa watu saba. Nilimsomea mama mkwe safu hiyo mara mbili, akanyamaza muda mrefu.

Sasa siri ambayo ningependa kuijua tangu mwanzo. Usajili wa serikali Uskoti ulianza 1855, na vyeti vya kuzaliwa vya mwaka huo mmoja viliuliza mambo mengi mno: wazazi walizaliwa wapi, walioana lini, wana watoto wangapi wengine, walio hai na waliokufa. Mwaka uliofuata maswali hayo yakapunguzwa. Bibi wetu alizaliwa 1853, kwa hiyo hana cheti cha kuzaliwa, lakini sensa ya 1861 ilimtaja mdogo wake wa miaka 5. Nikakitafuta cheti cha mdogo huyo, na kweli kilikuwa cha 1855. Hapo ndipo nilipojua mama yao alizaliwa Kirriemuir, mji mdogo wa Uskoti.

Ubatizo wake mwenyewe sijaupata. Kabla ya 1855 kuna vitabu vya makanisa tu, na tangu Kanisa la Scotland lilipopasuka 1843 familia nyingi hazimo katika vitabu vya parokia.

Pointi 30 za kwanza hazikutosha, nikaongeza nyingine; sasa nimebakiwa na pointi 12, yaani picha mbili. Desturi ya Waskoti ilikuwa kumpa binti wa kwanza jina la mama mzaa mama, na sensa ya 1861 imenipa jina la dada mkubwa. Ninamtafuta Kirriemuir mama wa jina hilo aliyebatizisha mtoto wa kike. Mama mkwe ameyaongeza majina yote kwa mkono wake kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia, na juu kabisa ameacha mstari mmoja mtupu.