Massey 399, Ford 7610 na Fiat 110-90: farasi za kwenye karatasi na farasi za shambani

Kazi yangu ni kulimia watu kwa malipo. Naishi Nairobi, trekta zinalala Ruai, na msimu wa ngano ukikaribia zinapanda lori kwenda Narok. Kwa miaka hii nimefanya kazi na trekta tatu za zamani zenye nguvu: Massey Ferguson 399, Ford 7610 na Fiat 110-90, zote za kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kila anayetaka kununua huniuliza ipi ina nguvu zaidi, na mimi humuuliza kwanza atalimia wapi.

Hilo ndilo swali wauzaji wa Nairobi hawaligusi. Farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini, zilizoandikwa kwenye karatasi ni za sehemu za chini, kwenye hewa nzito. Injini isiyo na turbo, ile feni ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila inapopanda mita 300. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asilimia 17 au 18 imeshakwenda kabla hujashusha plau. Massey 399 ina injini ya Perkins ya silinda 6, lita 5.8, haina turbo, na karatasi yake inasema farasi 104 hivi. Hapa mjini unabaki na kama 86. Fiat nayo haina turbo: silinda 6, lita 5.5, na zile 110 zinashuka hadi 90 hivi. Panda sasa Mau Narok, kupita mita 2,500, robo nzima imekwenda na maji. Ni kama mtu wa pwani aliyeambiwa akimbie Iten, kule juu milimani, siku ya kwanza.

Ford 7610 kwenye karatasi ndiyo ndogo. Silinda 4, lita 4.4, farasi kama 100. Lakini ina turbo, na turbo inaisukumia injini hewa kwa nguvu, hivyo mwinuko hauinyang'anyi sana. Pale juu, kwenye shamba lile lile na plau ile ile ya disiki, Ford inaiacha Massey. Nimeliona msimu baada ya msimu, na wenye mashamba wameliona pia, kwa sababu wengine hunipigia simu wakitaja Ford kwa jina.

Moshi nao unasema mengi. Trekta isiyo na turbo ikiletwa huku na pampu yake ya dizeli bado imepimwa kwa hewa ya kule ilikotoka, inatoa moshi mweusi ikikutana na mzigo. Dizeli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Fundi anayejua kazi hupunguza mafuta kwenye pampu kidogo, na injini inakula vizuri bila kupoteza nguvu yoyote ya maana. Ukiacha hivyo, unalipia dizeli inayopaa angani.

Basi Ford imeshinda? Kwa Mau Narok, ndiyo. Kwa Ruai, Kamulu na Joska, huku mashariki ya Nairobi, hapana. Udongo wa huku ni ule mweusi unaonata, mvua ikinyesha unashika tairi, jua likiwaka unakuwa jiwe. Disiki zikigonga sehemu ngumu, mizunguko ya injini inashuka. Turbo inahitaji injini iwe inazunguka vizuri ndipo isukume hewa, kwa hiyo ikishuka, Ford inaisha nguvu ghafla na dereva lazima awe na mkono mwepesi kwenye gia. Dereva wangu husema, "Bosi, Ford ukiiacha ishuke umeshaipoteza. Massey itanung'unika lakini itatembea." Silinda 6 zina ule uvumilivu wa chini. Fiat ndiyo bora zaidi kwa kazi hiyo: ni nzito, inaikalia ardhi, na kwenye udongo mgumu uzito unasaidia kuliko farasi, kwa maana tairi likiteleza nguvu yote inaishia kuchimba shimo. Hata hizo nyingine mbili nimezijazia maji kwenye tairi za nyuma na kuzifunga vyuma mbele, na tofauti ilionekana siku hiyo hiyo.

Kuhusu kutegemeka, mimi sipimi kwa mara ngapi trekta imeharibika. Chuma cha miaka thelathini na zaidi kitaharibika. Napima kwa muda inaokaa imelala. Hapo Massey haina mpinzani. Spea za Perkins ziko Kirinyaga Road na Industrial Area, mafundi wanaoifahamu wako kila kona, na mara nyingi kitu kikivunjika asubuhi, jioni trekta inanguruma. Ford inafuata kwa karibu sana. Fiat ni injini ngumu kwelikweli, ila spea zake nyingine huagizwa, na mvua haimsubiri mtu. Kwa sababu hiyo tu, kama ningelazimika kubaki na moja, ningebaki na Massey, ingawa najua Ford itaipita kule juu.

Turbo pia inataka adabu. Usizime injini ukitoka tu kwenye mzigo; iache ingurume polepole dakika chache ili ipoe ikiwa bado inapata oili. Na filta bandia ziko mjini tele. Niliwahi kuuziwa moja kwenye duka fulani, pakiti nzuri kabisa, ndani karatasi imeachana na gundi. Sasa nafungua na kuangalia palepale kaunta.

Ukienda yadi kununua trekta, fika asubuhi na sema trekta isiwashwe kabla hujafika. Shika injini, iwe baridi kabisa, ndipo iwashwe. Fungua kifuniko cha oili ikinguruma: pumzi kidogo ni sawa, ikifuka moshi kama bomba, pistoni na ringi zimechoka. Kisha omba ifungwe plau nzito, iinuliwe, injini izimwe. Tazama saa. Plau ikianza kushuka mbele ya macho yako, haidroliki, yaani mfumo wa kuinulia plau, inavuja ndani, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei kabla ya kutoa hata shilingi.