Fundi aliyetufungia dishi juu ya bati, Mji Mkongwe. Nyota 5 namuwekea

Asalam aleikum jamani, hii naandika kwa wenye nyumba za zamani Mji Mkongwe, zile za ghorofa mbili tatu zenye bati juu, maana sisi tumehangaika na dishi karibu mwaka mzima na najua tupo wengi.

Nyumba yetu ipo Kiponda ndani kabisa, kichochoro chake watu wawili wakipishana mmoja lazima ajibane ukutani. Ngazi ndefu kwanza haikati kona, na ukiifikisha haina pa kuegemea, inasimama wima tu. Juu kuna bati la mteremko mkali na pembeni kiukuta kifupi, ukiteleza pale ni ghorofa tatu mpaka kwenye mawe. Babaangu ana miaka 78, madaraja ya kushuka chini yameshamshinda, hatoki tena barazani, kwa hiyo mpira kwenye Azam ndio mazungumzo yake na wajukuu. Ikitokea ile "hakuna signo" Yanga wanacheza mzee ananyamaza tu anaangalia kioo cheusi, inaniuma sana.

Fundi wa mwanzo simtaji. Alilipiga dishi bolti kwenye kile kiukuta cha juu. Sasa kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, si tofali na saruji, bolti inashika siku za mwanzo tu halafu upepo wa kusi ukianza dishi linacheza, tundu linapanuka, chokaa inamwagika kama unga. Alirudi mara 3, kila akija elfu 40, anakaza bolti zilezile anasogeza kidogo picha inarudi anaondoka. Mara ya mwisho kipande cha chokaa kikubwa kama ngumi kilidondoka kichochoroni saa ambayo watoto wanarudi chuoni. Alhamdulillah hakikumpata mtu, lakini siku hiyo nilisema basi, heri tukae bila tv.

Huyu wa sasa anatokea Mwanakwerekwe, jirani ndiye alotuunganisha naye. Siku ya kwanza alikuja na tochi na mita ya kupimia signo, basi, hata drili hakubeba. Akamuamkia mzee shkamoo, akaomba apande darini, akakaa huko kama saa nzima anagonga kenchi moja moja anasikiliza ipi ngumu ipi imeliwa na mchwa. Akashuka akaniambia "dada, ukuta huu usiguswe tena, dishi tutalifunga kwenye mbao kwa ndani". Mimi sikumuelewa mpaka nilipomuona anafanya.

Alifungua bati moja tu karibu na kilele cha paa, tena kwa ndani, akajifunga kamba kiunoni kamba ikafungwa kwenye kenchi nzima, halafu akasimama darini kiwiliwili kimetoka nje ya paa miguu ipo ndani. Yaani hakutembea juu ya bati hata hatua moja! Bomba la chuma la inchi moja na nusu, ile ya kupakwa zinki isiyoshika kutu haraka, akalibana kwenye kenchi sehemu mbili kwa klempu, likatoboa bati likatokea nje kama nusu mita hivi, dishi likakaa juu yake. Pale bomba linapotoka akavisha mpira na kuzungushia silikoni, na bati akalirudisha.

Kilichonifurahisha zaidi ni anavyoeleza. Nilimuuliza kwa nini juu kabisa, kwa nini si kwenye dirisha la nyuma ambako ni rahisi, akanambia satelaiti ya Azam ipo magharibi yetu, juu ya mstari wa ikweta kwenye longitudo ya digrii 7 mashariki, sisi tupo longitudo ya 39, kwa hiyo ukisimama kuelekea kibla dishi linatazama mkono wako wa kushoto halafu unalirudisha kidogo upande wa kibla, na linainua macho kama digrii 50 hivi. Upande huo sisi tuna nyumba ya jirani ndefu kuliko yetu, ukifunga chini unatazama ukuta wake. Na hiyo satelaiti ipo kilomita kama 36,000 huko juu, dishi likizunguka digrii moja mbili tu ushaikosa, ndo maana ule mchezo wa bolti kulegea ulikuwa unatukatia kila upepo ukivuma. Mwaka mzima hakuna aliyewahi kutueleza hivi.

Jengine, waya. Ule wa zamani alipokata kichwa chake ndani shaba imekuwa kijani, hewa ya bahari hiyo, akautoa wote akavuta mpya kama mita 30, viungio vya nje akavizungushia tepu ya mpira, na kabla waya haujaingia ndani akauachia uning'inie kidogo chini ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya mpaka kwenye kisimbuzi. Kidogo kama hicho wengine hawafanyi.

Bei laki na 20 ya kazi, vifaa nilinunua mwenyewe Darajani kwa orodha aliyoandika. Si rahisi, lakini jumlisha zile elfu 40 mara tatu nilizotoa mwanzo uone, ni hesabu ileile na chokaa juu yake. Kasoro zake zipo: alisema Jumamosi akaja Jumatatu bila kupiga simu, na waya wa ndani kaupitisha kwenye ngazi unaonekana, nimemwambia akija aufiche. Na mvua ile kubwa kabisa ya masika bado picha inakata dakika chache, hilo alinitahadharisha mapema kwamba mvua nzito inameza mawimbi, dishi liwe zuri vipi, nisije nikampigia simu za bure.

Tangu hapo kusi nzima imepita dishi halijatikisika, kwaliti ya signo imesimama palepale alipoiacha, na darini nilipanda mwenyewe kuangalia baada ya mvua, pakavu. Ukimuita mwambie mapema paa lako likoje na kama dari lina mlango wa kupandia, kwetu ilibidi tuhamishe kabati la bibi kwanza ndo akapita. Na kama nyumba yako ni ya kuhifadhiwa muulize kwanza mtu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujatoboa chochote, hasa upande wa mbele unaotazama njia. Letu limekaa mteremko wa nyuma, kutoka chini hulioni kabisa.